Video Ni Nzuri, Ila Mimi Sijajiona

Ujumbe uliingia WhatsApp Jumanne usiku. Nilikuwa nimelala chali nikiangalia namba za watazamaji zikipanda, ule ulevi ambao kila mtu anayetengeneza video anaujua. Aliyeandika ni mzee aliyetutembeza Msitu wa Kakamega siku tatu. Aliandika hivi: "Video nimeona kijana. Ni nzuri. Ila mimi sijajiona."

Hakuna matusi, hakuna emoji. Nikarudi kuitazama ile video kama vile ni ya mtu mwingine. Dakika 11. Mzee ametokea mara moja, sekunde 9, tena mgongo. Na kichwa cha video nilikiandika mimi mwenyewe kwa herufi kubwa: "Siku 3 Peke Yangu Ndani ya Msitu wa Mvua."

Peke yangu! Manze, tulikuwa wanne na yeye wa tano. Yeye ndiye aliyekuwa mbele na panga. Yeye ndiye aliyetusimamisha dakika nzima kwa sababu siafu walikuwa wanavuka njia na sisi tulikuwa hatujaona kitu. Yeye ndiye aliyewasha moto na kuni zimelowa chapachapa. Mimi nilichofanya ni kushika simu na kuhema kwa sauti ndio ionekane ni ngumu.

Tukiagana aliniomba kitu kimoja tu: "Ukiweka hiyo video, niandike jina, watu wanipate." Anaishi kwa hiyo kazi. Nikasema sawa mzee. Halafu wakati wa kuhariri nikaona maandishi yanaharibu mwonekano. Nilifikiria pia kuandika tu "gaidi wetu" pale chini, nikakumbuka kwa Kiswahili gaidi ni jambazi, nikacheka, nikaacha. Yaani hata neno la kumwita sikuwa nalo.

Neno lipo, na nitalitaja. Ila kwanza nikupeleke kwa mti, kwa sababu mti ndio ulionionyesha kwamba nilichofanya si kitu kipya. Kimefanywa kwa msitu mkubwa kuliko Kakamega, na kilizika watu.

Mutere

Siku ya pili, kabla ya ile mvua ya alasiri ambayo huko ni kama saa ya ukutani, mzee alisimama chini ya mti mmoja mrefu mnyoofu, akaupiga kofi kama mtu anamsalimia rafiki. Akasema, "Huu ni mutere. Gome lake ni dawa. Kwa vitabu wanauita Maesopsis eminii."

Nikamuuliza eminii ni nini. "Ni jina la mtu. Emin Pasha. Alikuwa daktari wa Kijerumani. Sidhani alikanyaga hapa."

Wenzangu walikuwa wanapiga picha mbega juu ya matawi. Mimi nilibaki na hilo jina. Mti umesimama Kakamega, watu wa Kakamega wana jina lake tangu zamani, halafu kwa vitabu vyote vya dunia umeandikwa jina la Mjerumani. Nikarudi Nairobi nikaanza kusoma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya historia wala ya kitu kingine, ila kusoma hakuhitaji karo. Kitabu cha Stanley kuhusu Emin, juzuu zote mbili, nilisoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka, usiku, wiki tatu.

Sasa sikiza.

Emin Pasha aliitwa Eduard Schnitzer, alizaliwa mwaka 1840. Alikuwa daktari, akaingia kazi ya serikali ya Misri, na mwaka 1878 akafanywa gavana wa jimbo la Equatoria, kusini kabisa mwa Sudan. Alikuwa mtu wa vitabu na vidudu. Alikusanya ndege na mimea, akapeleka makumbusho za Ulaya, ndio maana jina lake liko kwa mti. Januari 1885 jeshi la Mahdi likaiteka Khartoum, gavana mkuu Gordon akauawa, na Emin akabaki amefungiwa huko kusini na askari wake. Uingereza ikashikwa na huruma: lazima aokolewe!

Huruma ilikuwepo, ila pembeni yake kulikuwa na hesabu. Mwenyekiti wa kamati ya uokoaji alikuwa William Mackinnon, tajiri wa meli. Kama umewahi kupanda basi la Mombasa ukapita Mackinnon Road, ndiye huyo. Alikuwa anataka biashara na ardhi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa Company, ikapewa hati ya kifalme ya kutawala sehemu ambayo baadaye ikawa Kenya. Emin alikuwa na pembe za ndovu na jimbo zima. Kumwokoa hakukuwa hasara.

Kiongozi aliyechaguliwa ni Henry Morton Stanley. Na hapa ndipo msitu unaingia. Kutoka pwani yetu hadi kwa Emin, njia za misafara zilikuwa zinajulikana. Lakini Stanley alikuwa bado ameajiriwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Leopold alitaka msafara upite Kongo, kwenye dola yake mpya. Kwa hiyo wakazunguka kusini mwa bara kwa meli, wakaingia mdomo wa mto Kongo, wakapanda mto, halafu wakakata msitu wa Ituri kwa miguu kuelekea mashariki. Huo msitu ni ndugu wa Kakamega. Wataalamu wa mimea wanasema Kakamega ni kipande cha mwisho cha mashariki cha msitu uliowahi kuungana na ule wa Kongo. Sisi tulitembea kwa mdogo wake siku tatu na tulikuwa na chapati.

Waliobeba

Februari 1887 meli ya Madura iliondoka Zanzibar. Ndani kulikuwa na Wazanzibari zaidi ya 600, Wasudani na Wasomali wachache, na Tippu Tip pamoja na watu wake. Maafisa wa Kizungu walikuwa kama kumi hivi. Ukisoma vichwa vya habari vya wakati huo, safari ni ya hao kumi.

Hao 600 kwa Kiswahili cha wakati huo waliitwa wangwana, yaani watu huru, waungwana wa pwani. Na hapo kuna uchungu, kwa sababu wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa. Msafara unalipa mshahara, bwana anachukua sehemu yake, mtumwa anabeba. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 27. Weka juu yake bunduki, mkeka na posho. Na safari hii kulikuwa pia na mashua ya chuma iliyokatwa vipande 12, bunduki mpya ya Maxim, na risasi za kumpelekea Emin. Maana ya "kumwokoa" ilikuwa hiyo: mtu wa Unguja anabeba risasi kichwani kupita msituni ndio daktari wa Kijerumani asiishiwe.

Misafara ilikuwa na vyeo. Kulikuwa na wanyapara waliosimamia wapagazi. Na mbele ya kila mtu alitembea kirangozi, anayeshika njia, anayebeba bendera, ambaye akisimama wote wanasimama. Kirangozi. Ndilo neno nililokosa wakati nahariri video. Limekuwepo miaka yote, sisi ndio tumelisahau.

Na hao watu hawakuwa wageni wa Stanley. Alikuwa amevuka nao bara kati ya 1874 na 1877, hadi Boma karibu na bahari ya Atlantiki. Safari hiyo vijana watatu wa Kiingereza aliowachukua walikufa wote, na wapagazi wengi mno. Kuna mmoja aliitwa Safeni, mtu aliyeaminika, mshauri wa Stanley. Mwaka 1877 walipokuwa wanakaribia bahari, baada ya miaka karibu mitatu ya njaa na maporomoko ya maji, Safeni akili ilimtoka kwa furaha. Alimwambia Stanley kwamba wamefika nyumbani, kwamba anatangulia mbio kupeleka habari. Akaondoka na kasuku wake begani, akaingia porini. Wakamtafuta, hawakumpata. Niliposoma hapo nilifunga simu. Wengi wenu mnajua jina Stanley tangu darasa la sita. Safeni mmemjua leo.

Tippu Tip naye si shujaa wangu, niseme mapema kabla hamjaanza kwenye maoni. Jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na vijiji vingi vya Kongo vilichomwa na watu wake. Lakini ndiye aliyempa Stanley ulinzi kuingia msituni mwaka 1876, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Huko analalamika kwamba Stanley alimuahidi pesa nyingi na zawadi, halafu alichotumiwa baadaye ni picha ya Stanley. Soma tena. Mtu amekupitisha msituni, wewe unamtumia picha yako. Nilicheka, halafu nikakumbuka video yangu, nikaacha kucheka.

Siku 160

Juni 28, 1887, Stanley aliondoka kambi ya Yambuya kwenye mto Aruwimi na watu 389. Walitoka msituni kwenye nyasi Desemba 5. Hesabu mwenyewe: siku 160 ndani ya miti.

Msitu wa mvua ukiutazama kwa video ni kijani tu na sauti za ndege. Ukiwa ndani, kitu cha kwanza kinachokushinda ni kwamba huoni mbele. Kakamega penyewe, na njia zake zimesafishwa, nilipotea nikienda haja hatua ishirini kutoka kambini. Ituri hakukuwa na njia. Walikata kwa mashoka na mapanga, siku nyingine wakaambulia kilomita chache tu. Mvua kila mara, nguo haikauki, kidonda kidogo cha mguu kinakuwa shimo. Watu walitembea peku juu ya vijiti vilivyochongwa na kutegwa chini ya majani. Mwezi Agosti walishambuliwa kwa mishale ya sumu. Afisa mmoja, Stairs, alipigwa karibu na moyo akapona. Wapagazi kadhaa waliopigwa siku hiyo walikufa baada ya siku chache, miili imekakamaa kwa pepopunda.

Halafu njaa. Sehemu zile hazikuwa na mashamba, kwa sababu wavamizi wa pembe za ndovu walikuwa wamepita kabla yao na kuharibu kila kitu. Watu walikula uyoga, matunda ya porini, wadudu. Oktoba Stanley alimwacha afisa mmoja, Nelson, kando ya mto na wagonjwa 52 ambao hawangeweza kutembea tena, akaenda mbele kutafuta chakula. Msaada uliporudi baada ya wiki tatu hivi, waliobaki pale walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Walipofika Ipoto, kituo cha wawindaji wa pembe, wapagazi waliuza bunduki zao na nguo zao ili wapate mahindi. Stanley aliona huo ni wizi wa mali ya msafara. Kulikuwa na watu walionyongwa. Fikiria: umebeba mzigo wa mtu miezi minne, una njaa mpaka magoti yanagongana, unauza bunduki kwa mahindi, unanyongwa.

Katika yote haya, kuna mwindaji ambaye Stanley anamwandika Saat Tato. Mswahili anasikia hapo hapo: Saa Tatu. Stanley anasema alipewa jina hilo kwa sababu zamani, alipokuwa askari, kila siku saa tatu alikuwa ameshalewa, mpaka akafukuzwa. Huyu mlevi ndiye aliyekuwa na shabaha kuliko wengi, akiletea msafara nyama pale ilipopatikana. Nampenda sana Saa Tatu. Na ona kilichotokea: jina alilopewa na wazazi wake kitabu hakikulibeba. Kilibeba utani wa wenzake.

Kirangozi wa kweli

Lakini kuna kitu kilinisumbua zaidi, na kama ningeishia kwa wapagazi ningekuwa nimewadanganya. Hata kirangozi kutoka pwani hakuujua msitu wa Ituri. Hakuna mtu kwenye ule msafara aliyewahi kupita pale. Basi nani alionyesha njia?

Wenyeji. Na mara nyingi hawakuulizwa. Msafara uliwakamata watu, wanawake wengi wakiwemo, wawaonyeshe njia na mashamba ya ndizi. Ukikataa, unashikiliwa. Wakifika kijijini, watu wanakimbia, msafara unavuna mashamba usiyoyalima. Stanley anaziita safari za kutafuta chakula. Mwenye shamba angeita nini? Na walioingia shambani ni wangwana, hao hao ninaowalilia hapa. Mtu anaweza kuonewa na bado akaonea mwingine siku hiyo hiyo.

Wambuti, watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda ndani ya Ituri, walijua kila kitu ambacho msafara haukujua: maji yako wapi, majani gani yanaliwa, sumu gani ni ya mshale. Stanley aliandika pia kwamba walimjua mnyama kama punda. Ilikuwa 1901 ndipo wanasayansi wa Ulaya walipomtangaza okapi rasmi, na jina lake la kisayansi likawa Okapia johnstoni, kwa heshima ya Harry Johnston, kamishna wa Kiingereza wa Uganda. Watu walioishi na okapi vizazi na vizazi walikuwa na jina la mnyama, Johnston alipata mnyama kwa jina lake. Ni mutere tena.

Muhogo

Nyuma kule Yambuya, Stanley alikuwa ameacha watu zaidi ya 250 na mizigo, chini ya Meja Barttelot, wakisubiri wapagazi zaidi kutoka kwa Tippu Tip. Wapagazi walichelewa karibu mwaka mzima. Wakati huo watu wa kambi walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine, na sababu moja kubwa ilikuwa muhogo. Muhogo mchungu una sumu. Lazima uuloweke, uuanike, ndio ule. Mama yeyote wa mashambani anajua. Walioujua vizuri pale ni wenyeji wa mto, na hao walikuwa wamefukuzwa kijijini mwao ili kambi ikae. Yaani umefukuza mtu mwenye elimu, ukabaki na chakula chake, chakula kikakuua.

Juu ya hayo, viboko. Barttelot aliendesha kambi kwa viboko. Julai 19, 1888, aliamka akitaka kunyamazisha mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma na kuimba alfajiri. Mume wa huyo mwanamke akampiga risasi akafa. Stanley aliporudi mwezi uliofuata kuwatafuta, zaidi ya nusu ya watu aliowaacha hawakuwepo tena.

Mwaka 1890 magazeti ya London yaliwaka moto kuhusu hiyo kambi. Unadhani yaliuliza waliokufa walikuwa akina nani? Ugomvi ulikuwa juu ya heshima ya Barttelot na ya afisa mwenzake Jameson, nani aliharibu jina la nani. Familia za maafisa zilitetea watoto wao kwa vitabu. Kule Unguja, mama wa mpagazi hakuwa na gazeti.

Na yule aliyekuwa anaokolewa? Aprili 29, 1888, Stanley na Emin walikutana kando ya Ziwa Albert. Emin alifika kwa meli yake ya mvuke, nguo safi, amependeza. Waokoaji walikuwa matambara matupu. Anayeokolewa ndiye aliyewapa waokoaji chakula na nguo! Na hakuwa na hamu ya kuondoka. Ilichukua karibu mwaka mwingine kumtoa. Desemba 4, 1889, walifika Bagamoyo, wakafanyiwa karamu, na usiku huo Emin akaanguka kutoka dirishani ghorofani akapasuka kichwa. Akapona, akaingia kazi ya Wajerumani, akarudi bara, akauawa Kongo mwaka 1892.

Stanley aliandika kitabu chake kwa miezi michache, kikatoka 1890, kikauzwa kama mandazi ya asubuhi. Kwenye Rwenzori leo kuna Mlima Stanley na kuna Mlima Emin. Kuna Mackinnon Road. Kuna mutere. Zaidi ya nusu ya Wazanzibari walioondoka na Madura hawakurudi.

"Lakini yeye ndiye alilipa"

Najua mtu ataandika hili, kwa hiyo tulijibu. Ati bila Stanley hakuna safari. Yeye ndiye alitafuta pesa, akapanga meli, akaamua njia, na alikuwa jasiri kweli. Msitu ule aliuvuka mara tatu. Sawa. Sisemi Stanley hakwenda. Hata mimi nilienda Kakamega, nilitokwa na jasho langu, kupe walinipanda mimi.

Ninachosema ni kwamba kulipia safari na kufanya safari ni vitu viwili. Ukilipa fundi akujengee nyumba, nyumba ni yako, ufundi si wako. Hadithi za msituni zimekuwa zikichanganya hivyo vitu makusudi kwa miaka zaidi ya 130, na sisi tumerithi fomati bila kujua: mtu mmoja mbele ya kamera, majani pembeni, sauti ya kuhema, "peke yangu". Wenye kubeba wanakatwa kwenye uhariri. Stanley alihariri kwa kalamu, mimi kwa kidole. Na afadhali yeye, manake yeye aliandika majina ya wengi wao. Safeni nimemjua kwa sababu Stanley alimwandika. Mimi nilishindwa hata na hilo, na nilikuwa nimeombwa.

Kuna kitu kimoja hata hivyo ambacho hakikuhaririwa. Ukienda mashariki mwa Kongo leo, watu wanaongea Kiswahili. Kilifika huko na misafara, kwa biashara na kwa maovu yake yote, kikabaki, kikawa cha wenyeji, kikapata ladha yake. Na jina moja la zamani la Kiswahili hicho ni Kingwana, lugha ya wangwana. Hawakuachiwa mlima wala barabara. Jina lao lilibaki midomoni mwa watu. Kila ukimsikia Mkongomani anaongea Kiswahili chake tamu, kumbuka kuna mtu alikitembeza huko kwa miguu, kilo 27 kichwani.

Nilichofanya

Nilimpigia mzee simu Jumatano asubuhi. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu ya kuomba msamaha. Alinisikiza, akasema, "Basi rekebisha." Akaniuliza kama buti zangu zilikauka.

Video ya kwanza nimeitoa. Ndiyo, pamoja na wale watazamaji wote. Nilikaa na hicho kitufe dakika kumi, sitadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mpya iko juu tangu jana usiku. Ni ya dakika 19 kwa sababu nimerudisha kila mahali alipoongea, na kumbe sehemu alizoongea ndizo nzuri: siafu, namna ya kuwasha kuni zilizolowa, mutere kwa jina lake na eminii ni nani. Jina lake kamili na nambari yake viko pale mwanzo kabisa kabla ya uso wangu, kwa ruhusa yake. Juu ya jina nimeandika neno moja: Kirangozi.

Hadi sasa imetazamwa mara 212. Ile ya uongo ilikuwa imefika elfu 40.

Mzee ametuma ujumbe leo asubuhi. Amesema kuna kikundi cha wanafunzi kimempigia, wanataka siku mbili mwezi ujao, na wameuliza kuhusu mutere.

Sasa ni zamu yenu. Umeenda Rwenzori, Mlima Kenya, Kakamega, Aberdare, popote pale, na kuna mtu alikuonyesha njia au alikubebea begi. Rudi kwa ile picha yako ya kileleni. Muulize kama anataka kutajwa. Akikubali, andika jina lake pale juu, tena jina kamili, lisije likabaki Saa Tatu.